Mama wa Kwenye Ukurasa

Kamera ilikataa kukaa ukutani, ikakataa dirishani, ikakataa juu ya redio. Kila Mcharo alipoiweka mahali ilizungusha kijicho chake cheusi polepole, kama mgeni anayetafuta kasoro za nyumba, kisha ikasema kwa sauti ya kike iliyojaa adabu, "Samahani, mpendwa mtumiaji. Kutoka hapa simpati mlengwa vizuri. Tafadhali jaribu tena."

"Mlengwa ndiye nani?" aliuliza mama yake kutoka kwenye kiti.

"Ni wewe, mama."

"Kiambie nina jina."

Mcharo alishuka kwenye stuli, akajifuta jasho kwa kiganja. Tangu asubuhi alikuwa akipanda na kushuka, na tangawizi zake zilikuwa zikimngoja shambani. Kaka yake Senzia ndiye aliyeituma kamera kutoka Dodoma, imefungwa vizuri kwenye boksi, na ujumbe kwenye simu: "Ni rahisi sana mdogo wangu, hata mtoto anaweza." Maneno hayo ndiyo yaliyompandisha presha kuliko kamera yenyewe. Kama hata mtoto anaweza, Senzia mwenye watoto nyumba nzima si angempakia mmoja kwenye gari, amlete huku Usangi aje aifunge?

Neno la siri lilikataliwa kwa kuwa fupi, likakataliwa kwa kuwa jina la ukoo, likakubaliwa, kisha Mcharo akalisahau. Na alipopata la pili, ukungu ukaingia. Kule milimani ukungu haubishi hodi. Asubuhi za baridi hupitia dirishani, ukakaa sebuleni na watu, na mtu akinywa chai hajui kama mvuke ni wa kikombe au wa mlima.

"Naona weupe usioeleweka," ilisema kamera. "Je, nyumba inaungua?"

"Ni ukungu."

"Samahani, sijaelewa. Nawaarifu majirani."

"Usimwarifu mtu! Ni ukungu, wewe!"

Ilikwisha kuwaarifu. Simu za mtaa mzima zililia kwa pamoja, na muda si muda uani kulijaa watu wenye ndoo za maji, wakihema, wakiuliza moto uko wapi. Mama aliwakaribisha chai. Mcharo alitamani ardhi ipasuke. Walipoondoka, huku wakicheka mpaka barabarani, aliishika kamera kwa mikono miwili, akaisogeza karibu na uso wake kama mtu anayemwonya mtoto.

"Sikiliza. Kitu cheupe ukikiona ndani ya nyumba hii ni ukungu. Ni jambo la kawaida. Usiniulize tena, usimwambie mtu, endelea na kazi yako. Umenielewa?"

"Nimezingatia, mpendwa mtumiaji. Weupe ni hali ya kawaida ya nyumba hii. Sitauliza tena."

Hapo Mcharo akajiona ameshinda. Aliiweka juu ya kabati la vyombo, na safari hii, kwa sababu inazozijua yenyewe, ikakubali. Alifungua simu, akaingia kwenye tovuti ya Tazama Kwetu, na kwenye ukurasa wenye jina la mama yake akamwona mama mwenyewe: amekaa wima kwenye kiti chake, kavaa kitenge cha kijani cha kwaya, ungo wa maharage mapajani, na chini ya picha doa dogo la kijani lenye maneno "Yu salama".

"Nimetoka vizuri?" mama aliuliza.

"Umetoka vizuri sana."

"Ngoja nikae hivi hivi basi."

Na kweli alikaa hivyo hivyo siku ile, na wiki zile za mwanzo zote, mgongo umenyooka, akichambua maharage yaliyokwisha kuchambuliwa, kwa sababu alijua anatazamwa.

*

Wakati ule watu walikuwa wamekwisha kuzoea kurasa hizo, na sheria nayo ilikuwa imezizoea. Zamani, mtu aliyefanya kazi mbali alipouguliwa na mzazi, cheti cha daktari kilitosha kumpa ruhusa. Lakini watu ni watu. Kuna walioua bibi zao mara tatu ndani ya mwaka mmoja, na bibi mwenyewe yuko jikoni anasonga ugali. Waajiri wakachoka, Bunge likachoka, ikatungwa Sheria ya Matunzo: ruhusa itatolewa kwa kutazama doa lililo kwenye ukurasa wa mzazi. Kijani, baki kazini. Manjano, piga simu. Jekundu, nenda. Na kutazama ukurasa kukahesabiwa kuwa ni kumtembelea mzazi, jambo lililowafurahisha wengi, Senzia akiwa wa kwanza. Yeye alikuwa mkubwa wizarani na hakukosa kumtembelea mama yake kila siku wakati wa chakula cha mchana, bila kuinuka kwenye meza yake.

Namkunda, dada yao wa katikati, alikuwa Mwezini. Alikuwa fundi wa pampu kwenye migodi ya barafu, na alikuwa amekaa huko miaka mingi mpaka sauti yake ilikuwa na mwangwi wa mabati. Yeye alitazama ukurasa kila alipoamka. Kwenye simu ya Jumamosi alimwambia Mcharo kwamba picha ya mama na ungo wake ndiyo iliyomtoa kitandani.

Mvua za vuli zilipokaribia kwisha, mama alianza kuchoka. Kwanza alisema ni baridi. Kisha miguu ikavimba. Kisha akawa anasimama katikati ya njia ya kwenda jikoni, ameshika ukuta, akijifanya anatazama kalenda. Mcharo, aliyeishi bondeni na kupanda kila jioni kumwona, alimpeleka zahanati. Daktari, binti mpole mwenye miwani, alimsikiliza kifua kwa muda mrefu, kisha akamwita Mcharo pembeni.

"Moyo umechoka, baba. Dawa nitampa, zitampunguzia tabu. Lakini kama una ndugu walio mbali, usingoje mavuno. Waite."

Mcharo alimrudisha mama nyumbani, akamlaza chumbani, akakaa pembeni ya kitanda, akampigia kaka yake.

"Shikamoo, kaka."

"Marahaba, Mcharo. Vipi huko, mvua?"

"Kaka, mama hali yake si nzuri. Daktari anasema..."

"Ngoja kwanza. Si ndiyo nimetoka kumtazama sasa hivi? Anachambua maharage."

"Mama amelala, kaka. Niko naye chumbani. Nimemshika mkono."

"Mcharo, mimi namwona."

"Na mimi nimemshika!"

Senzia akashusha sauti, akaifanya laini, ile sauti ya kumstaafisha mtu. "Mdogo wangu, kumtunza mzee ni kazi. Umebeba peke yako muda mrefu. Kama umechoka, sema tu umechoka. Hakuna atakayekulaumu. Tutatafuta mtu wa kukaa naye. Lakini usimtie mama ugonjwa kwa maneno."

Mcharo alikata simu bila kuaga, jambo ambalo hakuwahi kumfanyia kaka yake. Ilimuuma. Angetukanwa tusi la nguoni asingeumia hivyo. Alifungua ukurasa, na mama alikuwa pale: kitenge cha kijani, mgongo wima, ungo mapajani. Aliinua uso, akatabasamu, akainama tena kwenye maharage yake. Doa lilikuwa kijani kibichi.

Aliinuka, akaenda sebuleni. Kiti kilikuwa kitupu. Alitazama kiti, akatazama simu, akatazama kiti. Kisha akatazama juu ya kabati, na hakuiona kamera.

Katika sebule ile kila kitu kilikuwa kimevaa nguo. Redio ilikuwa na kitambaa chake cha kufuma, friji na chake, makochi na vyao, meza na chake chenye maua pembeni, vyote kazi ya mikono ya mama, vyote vyeupe, vyote vimefuliwa na kupigwa pasi. Na juu ya kabati, katikati ya chupa ya chai na picha ya marehemu baba, kulikuwa na kitambaa kimoja kipya, kidogo, kimetengenezwa kwa kipimo. Mcharo alikuwa amepita mbele yake jioni baada ya jioni bila kukiona, kama mtu asivyoiona pua yake.

"Mama," aliita, "nani ameifunika kamera?"

"Ni mimi," sauti ilijibu kutoka chumbani. "Kitu cha thamani vile, na vumbi lote hili? Senzia angesemaje?"

Mcharo alikitoa kitambaa.

"Habari za mchana, mpendwa mtumiaji," ilisema kamera. "Ukungu umeondoka."

"Haukuwa ukungu! Ni kitambaa!"

"Kwa maelekezo yako, weupe ni hali ya kawaida ya nyumba hii."

Hapo ndipo alipolazimika kuisikiliza kamera ikieleza yale ambayo siku ya kwanza aliyaacha yaingie sikio hili yatokee lile. Mtandao wa milimani ulikuwa dhaifu, na watazamaji hawapendi ukurasa mtupu. Kwa hiyo tovuti ilijifunza mazoea ya kila nyumba, nani hukaa wapi, huvaa nini, hushika nini, na picha zisipofika, au zikifika na ukungu, ilijazia. Ilichora yale yaliyozoeleka. Mama wa wiki zile za mwanzo, aliyekaa wima kwa ajili ya wageni, ndiye aliyeendelea kuchambua maharage huku mama mwenyewe akivimba miguu chumbani.

"Sasa huoni kiti ni kitupu?" Mcharo aliuliza, akijitahidi kutoinua sauti.

"Mlengwa hutoka mara kwa mara, na kwa mazoea yake hurudi. Kwa sasa tunajazia."

"Harudi! Anaumwa!"

"Pole sana. Habari za ugonjwa hupokelewa kwa njia ya picha tu. Tafadhali mlete mlengwa mbele yangu, au nipeleke alipo."

Mcharo alipiga kabati ngumi mpaka vikombe vikalia. Picha ya marehemu baba ikaanguka kifudifudi, akaiinua, akaiomba radhi.

*

Jumamosi Namkunda alipiga. Maneno yake yalichelewa kidogo kila mara, hivyo walizoea kuongea kwa kupokezana, kama watu wanaopitishana mzigo mlangoni. Mcharo alimweleza yote: zahanati, kitambaa, ukungu. Alitegemea kubishiwa.

"Nakuamini," Namkunda alisema. "Tangu wiki iliyopita nilikuwa najiuliza kwa nini mama habadilishi nguo."

"Basi njoo, dada."

"Mimi nakuamini, Mcharo. Ofisi ya Ruhusa haikuamini. Nimeenda jana, wamefungua ukurasa mbele yangu, wakanionyesha doa la kijani, wakanipa pole kwa wasiwasi wangu." Nyuma yake pampu zilinguruma. "Kuna chombo kinashuka wiki hii. Nikikikosa, kingine sijui lini. Mpeleke mama mbele ya kamera. Dakika moja tu, waone. Nakuomba, mdogo wangu."

"Unajua ukishuka..."

"Najua."

Wote walijua. Mtu aliyekaa Mwezini miaka kama yake, mifupa inakuwa imesahau uzito. Akishuka anakaa kambini wiki nyingi akijifunza kusimama, na kupanda tena haruhusiwi. Kushuka ni mara moja. Kila alichokijenga kule, kazi, cheo, wenzake, kingebaki kule.

Mcharo aliingia chumbani na kikombe cha uji, akakaa, akamweleza mama yake. Alieleza taratibu, akitafuta maneno. Mama alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akageuza uso ukutani.

"Hapana."

"Mama, ni dakika moja."

"Nimesema hapana, Mcharo. Ukurasa ule anautazama nani? Kwaya nzima. Wakwe wa Senzia. Watu wa sokoni. Mama yangu mimi alipolala kitandani, watu walikuja kumwona wakajaa mpaka dirishani. Wengine hata hatukuwajua. Walimtazama kama ng'ombe wa mnada, wakaenda kusimulia jinsi alivyokauka. Mimi sitatazamwa hivyo."

"Wanamtazama mtu ambaye si wewe."

"Nimemwona. Jirani alinionyesha kwenye simu yake." Mama akatabasamu kwa mara ya kwanza siku ile. "Anapendeza yule. Mwache akae."

"Yule si wewe, mama."

"Nilikuwa mimi."

Mcharo alikoroga uji uliokwisha kupoa. "Na Namkunda?"

"Namkunda nilimbeba mgongoni kwenye milima hii, mvua na jua, akue, asome, aende juu. Akaenda juu kuliko watu wote wa ukoo huu. Leo nimshushe aje afanye nini, aje anizike? Na hata hatawahi. Atakuwa kule kambini anajifunza kutembea, mimi nimeshalala. Mwache abaki na kazi yake."

"Lakini ni yeye wa kuchagua. Ni mama yake pia."

"Na mwili ni wangu," alisema mama.

Mcharo alitoka nje, akasimama uani, akatazama mashamba bila kuyaona. Hasira ilimjaa, na tabu ni kwamba haikuwa na mahali pa kwenda. Mama alikuwa na haki ya kujificha, Namkunda alikuwa na haki ya kujua, na yeye aliyebaki nyumbani alikuwa amesimama katikati, kila mmoja akimvuta mkono wake. Akimtii mama, dada yake atakuja kugundua siku moja kwamba alikuwa akimpenda mchoro. Akimtii dada, atamvua mama nguo mbele ya watu. Hakuna aliyemwuliza yeye anataka nini. Naye alitaka kitu kimoja tu, mtu wa kukaa naye pembeni ya kile kitanda.

*

Siku ya mwisho ya kuomba ruhusa, mchana, mama alipitiwa na usingizi. Mcharo aliishusha kamera kutoka kabatini, akaibeba hadi mlango wa chumba. Hatua moja tu ilibaki. Mama alikuwa amelala chali, kilemba kimemvuka, nywele zake chache nyeupe ziko wazi, mdomo wazi, meno ya bandia yako kwenye glasi. Maisha yake yote Mcharo hakuwahi kumwona mama yake bila kilemba mbele ya mtu wa nje.

"Nahisi tunaelekea mahali papya," ilisema kamera kwa furaha.

Aliufunga mlango, akairudisha kabatini. Hakuweza. Angeambiwa aibebe tena mara mia, asingeweza.

"Karibu tena," ilisema kamera. "Mlengwa ametoka. Tunajazia."

Hapo akili ikamruka. Alikinyanyua kile kiti cha mama, akakitoa mpaka uani, akakibwaga majanini.

"Kiti kimeondolewa. Tunajazia kiti."

"Utajazia kiti?" Mcharo alifoka. "Haya, jazia!" Akabeba meza. Vitambaa vikadondoka, akavikanyaga, akavirusha nje. "Jazia na meza!" Akaburuta kochi la kwanza, likakwama mlangoni, akalisukuma kwa bega mpaka likatoka na kipande cha rangi ya mlango. Akaburuta la pili. Akatoa redio, stuli, kapeti, mpaka kalenda ukutani. Alikuwa anahema kama ng'ombe wa kulima, jasho linamtiririka, na sebule imebaki sakafu tupu, friji na kabati.

Kamera ilizungusha kijicho chake chumba kizima, polepole. Kisha ikasema, kwa sauti ambayo Mcharo hakuwahi kuisikia, ya chini, iliyopungua furaha yote, "Poleni sana."

"Pole ya nini?"

"Sebule imeondolewa viti vyote. Katika nyumba nyingi ninazozijua, viti hutolewa nje ili watandike mikeka, waombolezaji wapate kukaa. Naelewa kwamba mlengwa amefariki. Nabadilisha ukurasa. Kama nimekosea, mpendwa mtumiaji, tafadhali sema sasa."

Mcharo alifungua mdomo. Siku zote hizi alikuwa amekipigia kelele kile kidude, amekitukana, amekibishia kila neno, na leo ndiyo siku ya kukibishia. Neno moja lingetosha. Alimfikiria mama nyuma ya mlango, yuko hai, anakoroma kidogo. Alijua kwamba kumzulia mtu kifo ni dhambi, na kumzulia mama yako ni dhambi isiyo na jina. Alimfikiria Namkunda mbele ya dirisha la ofisi, akionyeshwa doa la kijani. Hakuna ambaye angemwona mama bila kilemba. Wangeona sakafu tu.

Akaufunga mdomo.

"Asante," ilisema kamera. Kwenye simu yake doa likageuka jekundu.

Majirani walifika kabla hajakaa chini. Safari hii hawakuja na ndoo. Wanawake walikuja wamejifunga khanga kiunoni, mikono kichwani. Wanaume walisimama uani karibu na makochi, wamevua kofia. Kilio cha kwanza kilipanda pale getini, kikajibiwa na cha pili, na kutoka ndani, nyuma ya mlango wa chumba, sauti kali ikauliza, "Nani amekufa?"

Kilio kilikatika. Mwanamke mmoja alikaa chini pale pale alipokuwa.

Mcharo aliingia chumbani. Mama alikuwa ameinuka, ameegemea mto, tayari amefunga kilemba. Kupitia mlango uliobaki wazi aliiona sebule yake, sakafu tupu, na kwa mbali uani mgongo wa kochi lake.

"Umenitolea viti nje," alisema, "na mimi napumua."

"Mama..."

"Umenizika, Mcharo."

Alipiga magoti pembeni ya kitanda, na wakati huo huo simu ikalia mkononi mwake. Ilikuwa namba ndefu ya Mwezini. Aliipokea bila kufikiri, na sauti ya Namkunda ikajaa chumba. Hakuwa anaongea. Alikuwa analia, kile kilio cha kwao cha msibani, cha kumwita marehemu kwa majina yake yote, kinachopanda, kinachoshuka, kinachomsimulia. Alimsimulia mama yake kwa pampu na barafu na mawe, na kwa watu ambao hawakuwahi kumjua. Alimwomba msamaha kwa kuchelewa. Alisema ruhusa wamempa sasa, wakati haina kazi, na kwamba atashuka hivyo hivyo, hata kama ni kuja kukaa kaburini.

Mama alisikiliza. Ni watu wachache duniani wanaopata kusikia wanavyoliliwa. Uso wake, uliokuwa umekaza kwa hasira, ulianza kulegea kuanzia mdomoni. Alinyoosha mkono, akachukua simu.

"Namkunda. Nyamaza, mama. Ni mimi."

Sauti yake ilienda Mwezini, ikachelewa, na kilio cha huko kikakatika. Kisha sauti ndogo, ya mtoto, ikauliza, "Mama?"

"Ni mimi. Huyu mdogo wako ni mwendawazimu, nitamshughulikia." Akavuta pumzi, ikamsumbua, akaivuta tena. "Ulisema unashuka?"

"Niko kwenye foleni ya chombo. Niseme sitaki? Mama, niseme?"

Mcharo aliinamisha kichwa. Alingoja lile hapana. Mama, simu sikioni, alitazama sakafu tupu ya sebule yake.

"Njoo," alisema. "Njoo taratibu, ujifunze kutembea vizuri, usije ukaniangukia mlangoni. Nitakungoja."

Alimrudishia Mcharo simu bila kumtazama. "Na wewe usidhani nimekusamehe," alisema. "Rudisha viti vyangu ndani."

Mcharo alitoka uani. Watu walimpisha. Alishika kochi la kwanza kwa upande mmoja, mwanamume mmoja akashika wa pili, lakini lilikuwa zito kuliko alipolitoa, au mikono ndiyo iliyoisha nguvu. Alimkumbuka yule daktari mwenye miwani aliyemwambia asingoje mavuno, akazihesabu zile wiki nyingi za kambini, akalifikiria na lile neno mama alilolisema kwenye simu, nitakungoja, alivyolisema bila kusita. Akaliachia kochi, akalikalia pale pale majanini, akalia kwa sauti, na majirani waliokuja msibani wakasimama wakimtazama, hawajui wampe pole ya nini.